Kishonanguo Kichunguzwe Kabla ya Kuitwa Dawa

Mwanafunzi akatizaye viwanja vitupu vya Chamazi, wilayani Temeke, hufika shuleni soksi zake zimejaa kishonanguo. Gugu hili, ambalo jina lake la kitaalamu ni Bidens pilosa, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Shina lake lina pembe nne. Tunda lake jembamba, ambalo wengi hulidhania kuwa ni mbegu tu, huwa na vijimwiba 2 au 3 nchani, vyenye meno yaliyoelekea nyuma. Ndiyo maana huganda nguoni.

Majani yake hutumiwa na wengi kutibu vidonda na maradhi ya tumbo. Kikemia, yana flavonoidi na poliasetilini. Mojawapo ya poliasetilini hizo imeonekana maabarani ikiua bakteria na kuvu inapomulikwa na miale ya urujuanimno. Lakini tumboni hamna jua! Kwa hiyo, lililothibitika katika kisahani cha maabara si lazima litokee mwilini mwa mgonjwa. Hapana budi shule zifundishe tofauti hiyo: wanafunzi walichunguze gugu kwa lenzi, watafiti wapime kipimo na madhara yake, ndipo liitwe dawa.