Mashine za kamari: nani apime madhara ya mtaani?

Katika wilaya ya Manah, jirani na Nizwa nchini Oman, hakuna mjumbe wa baraza la manispaa anayeletewa ombi la kuweka mashine za kamari. Kamari ni kosa la jinai nchini humo, na mjadala huishia hapo. Nchini Kenya, ambako baadhi ya Waomani wasemao Kiswahili wana jamaa zao, mambo si mepesi hivyo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja kamari na kasino miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku serikali kuu ikibakia na kamari ya kiwango cha kitaifa. Hata hivyo, kwa miaka mingi leseni ziliendelea kutolewa Nairobi kwa sheria ya mwaka 1966. Sheria mpya iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Agosti 2025 imeunda mamlaka mpya ya udhibiti.

Linalobaki ni swali la mtaani: mashine ikiombewa nafasi kando ya kituo cha matatu, nani anapima itakachowafanyia wakaazi?

Mwaka 2018, chini ya aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Fred Matiang'i, mashine nyingi zilikamatwa na kuteketezwa. Picha zilivutia. Lakini moto huja baada ya sarafu kwisha kumezwa, na haumwambii diwani lolote kuhusu ombi lijalo.

Mfano unaofaa kuangaliwa uko mbali, katika jimbo la Victoria nchini Australia. Sheria ya huko ya mwaka 2003 inakataza kuidhinisha mashine iwapo athari zake kwa jumla, za kiuchumi na za kijamii, zitaidhuru jamii ya eneo husika. Baraza la mji hupewa siku 60 kuwasilisha tathmini yake: mashine ngapi zipo tayari, kipato cha wakaazi, umbali wa shule, fedha zitakazotoka na ajira zitakazoingia. Hili la ajira ndilo hutiwa chumvi zaidi na waombaji. Mashine haihitaji watu wengi kuilinda.

Mji mdogo wa Romsey, kaskazini mwa Melbourne, ulikuwa kipimo cha sheria hiyo. Hoteli moja iliomba mashine 30. Baraza likawauliza wakaazi, na wengi wao walipinga. Je, kutopenda tu kwa watu ni athari inayohesabika? Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilijibu kwamba maoni hayo ni lazima yazingatiwe, na mwaka 2009 ombi hilo likakataliwa.

Kwa kaunti za Kenya, hapo ndipo penye somo lenye uzito. Katiba tayari inayataka mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Kuwauliza wakaazi wa wadi kabla ya mashine kufika hakuhitaji wataalamu wa kigeni, wala tanuri.

Tofauti ni kwamba baraza la Romsey lilikuwa na takwimu na mawakili wa kulifikisha shauri mahakamani. Wadi ya Kwale au Kilifi isiyo na hata orodha ya mashine zilizopo itaanzia nyuma zaidi, na mwenye mashine anajua hilo.