Kufuli Tatu Hazikuwemo kwenye Prompti

Hati ya mahitaji ya mfumo ilitakiwa saa nne asubuhi, na saa tano ya usiku wa kuamkia siku hiyo kundi letu la mradi wa mwaka wa mwisho lilikuwa halijaandika hata mstari mmoja. Tulikuwa wanne chumbani, bando la mmoja likitulisha wote. Mwenzetu akafungua ChatGPT, akaandika prompti ya sentensi moja: tuandikie hati ya mahitaji ya programu ya simu ya kusimamia kikundi cha kuweka na kukopa. Zikatoka kurasa 22. Tukatengeneza jalada, tukalala.

Nakiri hadharani kwa sababu najua hatukuwa peke yetu. Zamani watu walidesa kwa waliowatangulia. Siku hizi tunadesa kwa akili mnemba, ambayo angalau haisahau jina la kaka wa mwaka jana kwenye ukurasa wa tano.

Na hati kwa kuitazama ilikuwa safi. Aina za watumiaji zimo, kazi za mfumo zimo, vigezo vya kupokea kazi vimo. Ilisema mfumo uwe hewani asilimia 99.9 ya muda wote, maana yake usizimike zaidi ya saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka mzima. Seva yetu ilikuwa laptopu ambayo betri yake haimalizi kipindi kimoja cha darasa. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyesoma.

Mama mdogo wangu ni katibu wa VICOBA mtaani kwao, na wazo la mradi lilitoka kwake. Jumamosi moja tukaenda kwenye kikao chao, na nisidanganye, tulifuata picha za kuweka kwenye wasilisho. Akina mama wamekaa uani kwa duara. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Fedha inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye vijitabu. Simu ikiita katikati ya kikao, faini shilingi 500. Yangu iliita. Nikalipa.

Mwishoni tukaombwa tueleze huo mfumo wetu. Nikasoma sehemu ya watumiaji: mwanachama, mhasibu, na msimamizi mkuu, ambaye anaweza kuongeza watu, kurekebisha kiasi na kufuta kumbukumbu.

"Huyo msimamizi mkuu ni nani, mwanangu?" akauliza mwenyekiti.

"Ni mtu mmoja tu, mama. Mtamchagua wenyewe."

"Peke yake?"

"Ndiyo, mama."

Akamtazama mama mdogo, kisha akanirudia mimi. "Kwa hiyo mmetutolea kufuli mbili."

Sikuwa na jibu. Mashine haikukosea kwa kiwango chake: iliandika kile ambacho mifumo mingi inacho, na mifumo mingi hutengenezwa kwa ajili ya ofisi yenye bosi. Kikundi hiki hakina bosi. Mfano wa vikundi hivi ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na tangu hapo watu wameujenga kwa kuumizwa na kujifunza. Kila kufuli kwenye lile sanduku ni hitaji la mfumo, lakini prompti yetu ya sentensi moja haikulijua, basi pengo likazibwa na mazoea ya watu wengine.

Wapo watakaosema tatizo letu ni kutojua kuandika prompti. Mtandaoni wanafundisha uanze kwa kuiambia mashine, "wewe ni meneja wa bidhaa mwenye uzoefu wa miaka 20." Sawa. Meneja huyo hajakaa kwenye ule uwanja hata dakika moja.

Mimi siachi kutumia akili mnemba, na anayesema ameacha simwamini sana. Ila tuligeuza mwendo. Tulirudi na daftari lenye kurasa nne za maelezo, tukayaingiza yote, tukaiambia isiandike hati kwanza, ituulize tulichosahau. Ikauliza: mshika ufunguo mmoja akifiwa siku ya kikao, inakuwaje? Hilo hatukuwa tumelifikiria. Nikampigia mama mdogo, akacheka kwanza, akasema jambo hilo liliwahi kuwagombanisha hadi wakatunga sheria: ufunguo hautumwi kwa mtoto wala kwa mume, anaupokea mwanachama aliyetajwa kikao kilichotangulia. Hiyo nayo ikaingia kwenye hati.

Kisha tukaiomba iigeuze hati kuwa Kiswahili cha kawaida, tukawasomea. Hapa ndipo mambo yalipochangamka. Neno "mtumiaji" walilikataa, wakataka "mwanachama". Wengi wana simu za kitochi, hivyo habari ya kupakua programu ikafa palepale, tukahamia kwenye ujumbe mfupi. Na hitaji la kwanza sasa linasema hivi: kiasi cha mwanachama hakibadilishwi mpaka watu watatu waweke namba zao za siri, kila mmoja kwa simu yake.

Hati ya pili ina kurasa tisa. Ile ya 22, ambayo hakuna aliyeisoma, ilisifiwa kwa "ukamilifu". Hii ya tisa imerudi na swali la kalamu nyekundu: mbona fupi? Ndiyo maana naandika hapa. Idara zetu zinaweza kuendelea kupima hati kwa unene, na mashine itatupa unene kadiri tunavyotaka, hata kurasa 200. Au zinaweza kudai kitu kimoja: kabla ya kukabidhi, hati isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu itakaowahusu, na masahihisho yao yaambatishwe kwa mwandiko wao. Nauli ya daladala tutajitegemea.

Sisi bado tuna kazi. Mfumo wetu unahitaji simu tatu ziwe wazi kikaoni, na sheria ya faini ya shilingi 500 haijafutwa. Mwenyekiti amesema litajadiliwa Jumamosi, na ametuagiza tuje na simu zetu zikiwa zimezimwa.