Bakteria Rafiki, Chakula cha Mtoto Mchanga na Mzio

Probiotiki ni vijidudu hai, hasa bakteria wa jamii ya laktobasili na bifidobakteria, wanaotumiwa kwa manufaa ya mwili. Huuzwa kama matone au unga, na huongezwa katika baadhi ya maziwa ya kopo. Hoja ya kuwapa watoto ni hii: katika miezi ya kwanza kinga ya mwili hujifunza kutambua kipi adui na kipi chakula, na bakteria wa utumbo ni miongoni mwa walimu wake. Kinga ikikosea, maziwa, yai au chavua hupigwa vita. Huo ndio mzio.

Matumaini yalipata nguvu mwaka 2001, watafiti wa Turku, Finland, walipotangaza matokeo ya Lactobacillus rhamnosus GG. Akina mama wa familia zenye mzio walipewa bakteria hao kabla ya kujifungua, na bakteria hao wakaendelea kutumiwa kwa miezi sita baada ya mtoto kuzaliwa. Kufikia umri wa miaka miwili, ukurutu uliwapata asilimia 23 ya watoto hao, dhidi ya asilimia 46 ya wenzao wasiopewa bakteria hao. Lakini jaribio la Ujerumani la mwaka 2008, kwa bakteria wale wale, halikuona tofauti. Mwaka 2015 Shirika la Mzio Duniani lilikubali probiotiki kwa watoto walio hatarini zaidi, likikiri kwamba ushahidi ni dhaifu sana. Tena faida iliyoonekana ni ya ukurutu. Kinga dhidi ya pumu au mzio wa chakula haijathibitishwa.

Huko Tabaka, kusini mwa Kisii nchini Kenya, swali hili lina sura yake. Wenyeji wa huko, Wagusii, wana amabere amaruranu, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, yenye bakteria wa jamii hiyo hiyo. Ni chakula kizuri cha familia. Hata hivyo mchanganyiko wake hutofautiana kibuyu kwa kibuyu, na matokeo ya aina moja ya bakteria hayawezi kudaiwa na nyingine. Zaidi ya hayo, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote ila maziwa ya mama, ambayo yana sukari maalumu inayolisha bifidobakteria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 60 tu ya watoto wa umri huo nchini Kenya hunyonya bila kupewa kingine. Pengo hilo ndilo la kuhangaikiwa kwanza.

Kwa watoto njiti tahadhari ni kubwa zaidi: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba bakteria hao wanaweza kuingia katika damu na kuua.

Ushahidi imara uko kwingine. Jaribio la London la mwaka 2015, lililohusisha watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, lilionyesha kuwa kula karanga mapema hupunguza mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80. Karanga lazima zisagwe laini na kukorogwa katika uji wa wimbi, kwani punje nzima humkaba mtoto; mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Kwa familia ya kawaida ya Tabaka, fedha za matone ya probiotiki ni bora zinunue chakula cha mama anayenyonyesha, na baada ya miezi sita, mayai na karanga za mtoto.