Kabla Hamjatundika Ramani Ukutani

Barua ya wazi kwa wataalamu wa wilaya wanaosimamia mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji



Mimi ni mkulima wa ufuta, mjumbe wa kamati ya ardhi kijijini kwetu. Mpango wetu wa kwanza ulikamilika kwa haraka. Karatasi ilitundikwa, tukaulizwa malisho yakae wapi, wenye sauti tukajibu. Wafugaji watatu waliokaa nyuma hawakusema kitu. Mkutano mkuu ukapitisha, muhuri ukagongwa. Mwezi wa saba ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wa jirani yangu, matita yamesimamishwa yanakauka. Punje zote zikamwagika mchangani. Mapanga yalitoka siku ile.

Mnajua yanakofika haya. Desemba 2000, Rudewa-Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Mara ya pili tulichora chini ya mwembe, kwa majivu na vijiti: wakulima kivyetu, wafugaji kivyao, kina mama kivyao. Sisi tulianza na mashamba, wafugaji wakaanza na maji. Kina mama walichora kisima ambacho hakikuwemo kwenye mchoro wetu wala wa wafugaji, na ndicho tunachokunywa wote!

Kisha tukaambiwa kila mmoja aeleze mchoro wa mwenzake mpaka mwenyewe akubali kuwa ameelezwa sawasawa. Mzee mmoja mfugaji alinirudisha mara tatu. Mstari niliouona kuwa ni uchokozi kumbe ndiyo njia pekee ya kufika kwenye josho. Zamu yake ilipofika, alieleza shamba langu, akamalizia: "Ufuta huu ukimwagika, mtoto wake harudi shule." Sikuwa na la kuongeza.

Hatukukubaliana papo hapo. Tulibishana jioni nzima, ila safari hii ubishi ulikuwa juu ya upana wa njia. Hakuna aliyetaja kabila la mtu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Ni jambo jema, lakini kumpa mtu kiti hakumfundishi jirani yake kumsikiliza. Hilo watu wazima nao hufundishwa, na linajifunzika, maana mimi nimejifunza nikiwa na mvi.

Naomba muongeze siku moja kwenye ratiba zenu, kabla ya karatasi. Majivu na vijiti tutaleta wenyewe.