Elimu Ileje: Tuwahesabu Watoto Wote

Kila mwaka, Baraza la Mitihani litangazapo matokeo ya darasa la saba, halmashauri zetu huwa na siku mbili tatu za kelele. Halmashauri iliyopanda hushangilia, iliyoshuka huitisha kikao, na walimu wakuu wa shule zilizo mkiani huitwa makao makuu wakajieleze. Juma likipita mambo hutulia hadi mwaka mwingine. Sisi twaona kwamba desturi hii haiwafai watoto wetu. Leo twapenda kuwaeleza wanachama na wafanyakazi sababu zake, na mfano wetu ni Wilaya ya Ileje, ambayo makao yake makuu yako Itumba, katika Mkoa wa Songwe.

Ileje si wilaya kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 124,451. Lakini ndani ya wilaya hiyo ndogo mna hali za maisha zisizofanana hata kidogo. Upande wa Itumba na Isongole, kwenye bonde la mto Songwe, mna ofisi, hospitali, soko, mpaka wa Malawi na barabara ya lami itokayo Mpemba. Upande wa milima ya Bundali, vijiji vimetawanyika juu ya miteremko mikali, na siku za masika njia huwa utelezi mtupu. Mtoto wa bondeni na mtoto wa mlimani huandika mtihani mmoja, siku moja, wakajibu maswali yale yale. Kisha sisi hujumlisha alama zao, tukazigawanya, tukapata wastani, na wastani huo tukauita hali ya elimu ya Ileje. Kwa kweli hiyo si hali ya mtoto hata mmoja kati yao.

Tofauti za namna hii hazikuanza jana. Zamani za ukoloni shule ilifuata misheni. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 wakaeneza kazi yao hadi Isoko, na palipokuwa na kanisa na dispensari, aghalabu palikuwa na darasa. Pasipokuwa na misheni watoto walichunga ng'ombe. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa kiasi cha 490,000, na wengi wao walikomea darasa la nne. Katika shule za sekondari walikuwamo 11,832 tu, na kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176. Huo ndio urithi tulioachiwa.

Chama chetu hakikukubali urithi huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali, ili mtoto asisome kwa sababu ya dhehebu lake au asikose kusoma kwa sababu hiyo. Mwezi Novemba 1974, kule Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma aingie shule katika muda wa miaka mitatu. Miaka ya shida ilipokuja karo ilirudi, na watoto wakapungua madarasani. Mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 ukaiondoa tena. MMES ya mwaka 2004 ikaleta shule za sekondari za kata, na Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne.

Kwa hiyo twaweza kusema bila majivuno kwamba mlango wa shule umefunguliwa. Mtoto wa mlimani siku hizi huandikishwa darasa la kwanza kama mtoto wa Itumba. Shida iliyobaki imo ndani ya mlango huo, maana watoto hawa wawili hawapati kitu kimoja wakiisha kuingia.

Tutazame kwanza walimu. Kipimo tulichozoea ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tuseme wilaya fulani ina wastani wa mwalimu mmoja kwa watoto 50. Mtu akisoma taarifa hiyo ofisini ataridhika. Lakini wastani huo waweza kuwa na shule ya makao makuu yenye mwalimu mmoja kwa watoto 30, na shule ya mlimani yenye mwalimu mmoja kwa watoto 90. Mwalimu kijana akipelekwa mlimani hukuta hakuna nyumba, hakuna umeme wa kuaminika, na akiugua hospitali iko mbali. Huvumilia mwaka mmoja au miwili, kisha huandika barua ya kuomba uhamisho, mara kwa ugonjwa, mara kwa kumfuata mwenziwe. Hatumlaumu, kwani naye ni mfanyakazi mwenye haki zake. Lakini kila barua ikubaliwayo bila kupelekwa mwingine mahali pake ni darasa zima linalobaki bila mtu.

Pili ni fedha. Tangu siku za MMEM ruzuku ilipangwa kwa kichwa cha mtoto. Mpango wa mwaka 2016 nao ulishika kipimo kile kile cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ingawa shilingi 10,000 ya mwaka 2002 ilinunua vitu vingi kuliko ya mwaka 2016. Hesabu hiyo yaonekana kuwa ya haki, lakini shule ya mlimani yenye watoto 150 hupata shilingi 1,500,000, na shule ya bondeni yenye watoto 900 hupata 9,000,000. Zote mbili zina ofisi moja, mlinzi mmoja na mitihani ile ile ya kuchapisha, na shule ndogo ndiyo yenye nauli kubwa ya kufuata chaki na karatasi. Usawa wa kichwa kwa kichwa haujawa bado usawa wa elimu.

Tatu ni mwendo na njaa. Mtoto atembeaye saa nzima akipanda na kushuka mlima, kisha akakaa hadi alasiri bila kutia kitu tumboni, hawezi kulingana na yule aendaye nyumbani saa sita akala ugali na kurudi. Wazazi wa Ileje ni wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Mahali ambapo kamati ya shule imekubaliana nao debe la mahindi kwa kila mtoto, uji hupikwa. Mahali ambapo viongozi wameogopa kusema kwa kuwa elimu ni bure, sufuria hukaa tupu. Waraka wa kufuta ada haukumwondolea mzazi wajibu wa kumlisha mwanawe.

Nne ni lugha. Mtoto wa Tunduma amezaliwa katikati ya madereva wa malori na wachuuzi wa kila kabila, na Kiswahili amekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mtoto wa milimani huota kwa Kindali, kwa Kilambya au kwa Kimalila, na Kiswahili hukutana nacho darasani. Anahitaji mwalimu mwenye subira wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili. Lakini walimu wakuu wengi, kwa kuogopa aibu ya mtihani, huwaweka walimu wao hodari darasa la saba, na darasa la kwanza huachiwa aliyebaki. Nyumba haiezekwi kabla ya msingi.

Hapo ndipo asilimia inapotudanganya. Tuchukue mfano wa kubuni. Watoto 100 wameandikishwa darasa la kwanza. Miaka saba baadaye wanaofanya mtihani ni 60, na wanaofaulu ni 48. Taarifa itasema shule imefaulisha asilimia 80, na mwalimu mkuu atapewa cheti. Lakini mzazi wa kijijini, ambaye hajui asilimia, atahesabu 48 katika 100. Je, 40 wako wapi? Wengine wamehama na wazee wao. Wengine wamevutwa na biashara ya mpakani, wakibeba mizigo Isongole au kuuza maji kwa madereva Tunduma. Wasichana wengine wameozwa au wamepata mimba; na ingawa Serikali iliwafungulia mlango wa kurudi mwezi Novemba 2021, mtu wa kwenda kuwaita aghalabu hapatikani. Wote hao hawamo katika asilimia. Tena shule yaweza kupandisha asilimia yake kwa kuwaacha watoto wazito watoroke. Kipimo kimlipacho mwalimu kwa kumpoteza mtoto ni kipimo kibovu.

Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulizipanga shule kwa rangi, na zilizokuwa chini zikapakwa nyekundu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Twaunga mkono uamuzi huo. Orodha zile zilikuwa tangazo la biashara kwa shule za kulipia, na kwa mwalimu wa mlimani zilikuwa fedheha juu ya shida. Lakini kuacha orodha hakutoshi kama hatuweki mahali pake hesabu iliyo njema zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema, hata kama litawachoma baadhi ya ndugu zetu. Kiongozi ambaye wanawe wote wako katika shule za kulipia za mjini hana haraka ya kujua kama shule ya kata yake ina mwalimu wa hesabu. Hatusemi kwamba amevunja sheria. Twasema kwamba Azimio la Arusha lilitutaka viongozi tuishi karibu na wakulima na wafanyakazi, na hakuna ukaribu ulio mkubwa kuliko watoto kukaa dawati moja.

Muda uliopo si mrefu. Kwa Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi itakuwa miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Kwa mpango huo, mwaka 2027 darasa la sita na la saba humaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili huingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Pasipojengwa vyumba na kugawanywa walimu mapema, msongamano huo utawalemea kwanza walio mbali. Wa makao makuu watapata nafasi, na wa mlimani wataambiwa wasubiri.

Basi twaomba mambo manne. Halmashauri ya Ileje, na nyingine zote, zitangaze matokeo kata kwa kata, pamoja na idadi ya walioanza darasa la kwanza, si ya waliofanya mtihani peke yao. Madiwani waitake orodha ya walimu ya kila shule na kuisoma barazani mbele ya wananchi, ili ijulikane nani anao wengi na nani hana. Mapato ya ndani yajenge kwanza nyumba za walimu milimani, kabla ya kupamba ofisi Itumba. Na mwalimu akubaliye kukaa miaka mitano mahali pagumu atangulizwe katika nyumba, katika masomo ya kujiendeleza na katika kupandishwa cheo.

Kwa wanachama twasema: kazi hii haingoji amri kutoka Dodoma. Balozi wa nyumba kumi azijua nyumba zake. Aende na kalamu, aulize katika kila nyumba ni mtoto gani alianza shule na haendi tena, na majina hayo ayapeleke kwenye tawi. Tawi likishindwa, liyapeleke kwenye kata. Zamani TANU iliingia nyumba kwa nyumba kutafuta Uhuru, ikitembea kwa miguu juu ya milima hiyo hiyo. Njia zingalipo, na watoto wangalipo.