Si Kila Kompyuta Nzito Ipigwe Windows

Kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, ukimpelekea fundi kompyuta nzito, mara nyingi jibu hutoka kabla hajaiwasha: “Hii tuipige Windows.” Jioni unarudishiwa mashine nyepesi, tena tupu. Hesabu za duka, orodha ya wanafunzi wa madrasa na picha za harusi vimekwenda.

Huo si ufundi. Ni kubahatisha kwa hasara ya mwenye mali.

Mkoa wa Tanga ulipaswa kulielewa hilo mapema. Muheza kuna Kituo cha Amani cha NIMR, ambako malaria imetafitiwa kwa miaka mingi. Zamani karibu kila homa ilipewa dawa ya malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kabla ya kutibu, kwa sababu mwenye homa ya mapafu haponi kwa dawa mseto.

Kompyuta nayo ina kipimo, na ni cha bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona programu ipi inakula nini. RAM ikijaa, funga programu au ongeza RAM. Diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku RAM ina nafasi na prosesa imetulia, kagua diski. Kama ni ile ya kuzunguka, kuweka SSD huifanya mashine ileile iwe nyepesi. Ikiwa nyepesi asubuhi na nzito ikishapata moto, fungua usafishe feni: vumbi huzuia hewa, na prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Windows mpya haifuti vumbi.

Hatari zaidi ni diski inayokufa, maana nayo huanza kwa uzito. Kuifuta ni kupoteza nakala pekee ya kazi ya mtu, na ugonjwa unabaki palepale.

Mafundi watasema mteja ana haraka na hataki kulipia kupimwa. Ni kweli, na kupiga Windows kuna siku yake, kwa mfano virusi wakishindikana. Basi sisi wateja tukubali kulipia kipimo. Lakini fundi asifute kitu kabla ya kunakili mafaili na kumfungulia mwenyewe aone kwamba yapo. Akikataa, chukua mashine yako uondoke.