Kwangua kwanza, rangi baadaye

Ukipita kwenye gereji za mitaani hapa Dar es Salaam utaona gari dogo la zamani, mara nyingi Corolla ya miaka ya 1990, vioo vimezibwa kwa magazeti (huenda hata hili, la Jumapili iliyopita), likisubiri kupigwa rangi. Mwenyewe ana nia moja kati ya mbili: liendelee kumpeleka kazini na kanisani, au auze. Fundi huijua nia hiyo kwa swali analoulizwa. Mmoja huuliza, "Itadumu?" Mwingine, "Litakuwa tayari lini?"

Niseme mapema kwamba sioni ubatili katika kutunza sura ya gari. Wapo wapendwa wanaodhani kung'arisha gari kuukuu ni majivuno. Siyo. Rangi ndiyo ngozi inayozuia mvua na hewa ya chumvi ya bahari visile bati, na ngozi yenyewe ni nyembamba: rangi ya kiwandani, pamoja na praima chini na klia juu, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Jua letu huanza kuila kwenye boneti na paa. Klia ikiwa imefifia tu, huhitaji rangi mpya. Osha vizuri, sugua kwa kompaundi, malizia na polishi, na gari litakushangaza. Ikiwa inabanduka vipande vipande, hapo polishi haina la kufanya.

Kutu ni habari nyingine. Huanzia mahali tusipotazama: chini ya milango, kingo za juu ya matairi ya nyuma, sakafuni chini ya kapeti. Fundi mwaminifu hukwangua mpaka chuma king'ae. Akikuta tundu, hukata na kuchomelea bati jipya, ndipo apake praima, puti kidogo, apige msasa, kisha rangi. Kazi ya siku kadhaa. Njia ya mkato ni kujaza puti juu ya kutu na kupiga rangi jioni hiyohiyo. Linang'aa kama jipya, lakini puti hunyonya unyevu na kutu inaendelea kula chini yake. Masika moja tu, malengelenge yanarudi. Kufikia hapo muuzaji ameshatumia fedha.

Katika Mambo ya Walawi sura ya 14 kuna sheria ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Ni ya nyumba ambayo ukuta wake umeingiwa na pigo. Kuhani haruhusu upakwe chokaa upya ili wageni wasione. Anaagiza mawe yenye pigo yang'olewe, nyumba ikwanguliwe ndani pande zote, na vumbi lake likatupwe nje ya mji. Ndipo yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Wala haishii hapo. Kuhani anarudi kukagua. Pigo likiwa limerudi, nyumba inabomolewa.

Sasa tazama tunavyouziana. Tangazo linawekwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: gari la mpendwa, safi, halijawahi kupigwa puti. Anayenunua amechukua mkopo SACCOS. Hakuja hata na sumaku, ambayo angeipitisha kwenye bodi akaona inakataa kushika penye puti nene. Hakuja nayo kwa sababu anayemuuzia huimba naye kwaya. Imani hiyo ndiyo tunayoifanyia biashara. Nami siwezi kuiita ujanja wa soko, maana chini ya milango ndiko bodi inakopata nguvu zake. Pakioza, siku ya ajali watoto walioketi nyuma hawana kinga waliyodhani wanayo.

Utasikia watu wakisema mnunuzi akague mwenyewe. Angekagua nini, wakati tumelipa fundi afiche? Na tusimtwike fundi lawama yote. Wengi wao wanajua kazi, ila sisi tunawapa nusu ya bei na kuwataka wamalize Ijumaa.

Kwa anayeuza, dawa haina gharama. Mwambie fundi apige picha kwa simu kabla ya puti na baada ya kukwangua. Kama huna fedha ya kukwangua, usipake kitu. Acha kutu ionekane. Siku mnunuzi anapokuja, mfungulie milango yote, inua kapeti, mpe picha zile pamoja na kadi ya gari. Huenda atashusha bei, na huenda asinunue kabisa. Mwache akafikirie.